Kariakoo ya vita: maswali mnayoniuliza kila wiki kuhusu wapagazi wa jeshi na Moshi yetu

Naishi Moshi, Majengo. Miaka kadhaa nilikuwa mgumu wa mlimani, nabeba mizigo ya wageni, magoti yalipoanza kulalamika nikageukia kutembeza watu kwenye maeneo ya vita ya 1914 hadi 1918, kuanzia stesheni ya Moshi, Kahe, Holili hadi Taveta upande wa Kenya. Maswali ni yale yale kila siku na mengine yananifikia saa sita usiku, sasa nimeona niyaandike sehemu moja, mtu akiuliza namtumia hapa halafu mimi nalala.

Hivi hiyo Kariakoo ya vita ilikuwa nini hasa, si ni soko?

Soko limekuja baadae. Mwaka 1914 vita ilivyoanza kati ya Waingereza wa Kenya na Wajerumani waliokuwa wanatawala huku kwetu, Waingereza waliunda kikosi cha kubebea mizigo ya jeshi wakakiita Carrier Corps, midomo ya watu ikakipitisha kwenye Kiswahili kikatoka Kariakoo. Mkuu wake alikuwa ofisa wa utawala anaitwa Oscar Watkins. Baadae, mwaka 1916, wakabadilisha jina rasmi, lakini nani alijali, watu walishasema Kariakoo na ikabaki Kariakoo.

Kazi yao ni hii inayoitwa siku hizi lojistiki au ugavi na usafirishaji. Chakula, risasi, maji, mahema, dawa, majeruhi kwenye machela, hata vipande vya mizinga. Walitengeneza barabara, wakajenga madaraja ya magogo, walipika. Yaani kila kitu ambacho askari anakikuta kipo tayari asubuhi akiamka, kuna mtu alikibeba kichwani.

Kwani jeshi lilikosa magari? Farasi je?

Vyote vilikuwepo. Magari yalikuja, mengi Ford ndogo ndogo, na farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota waliletwa kwa maelfu. Tatizo ni mbung'o. Ukishuka huku tambarare kuelekea mto Ruvu au ukikata kwenda Kondoa unaingia kwenye nchi ya mbung'o, mnyama anaumwa, anakonda, anakufa ndani ya wiki chache, wakileta wengine nao hivyo hivyo. Magari nayo yalikuwa sawa kiangazi tu. Anayejua udongo mweusi wa huku chini masika ikipiga anajua nasema nini, hata Fuso ya leo inalala hapo siku mbili.

Ndo ikabaki mtu. Mtu haumwi na mbung'o kwa kiwango kile (anaumwa na vitu vingine, tutafika huko), anapita njia ya mguu mmoja, anavuka mto maji yakiwa kifuani, na kwa mahesabu yao mabaya akifa analetwa mwingine.

Kwa nini Moshi inatajwa sana? Si vita ilikuwa Tanga?

Hili nalipenda, kaeni vizuri.

Moshi ilikuwa mwisho wa reli. Wajerumani walianza reli yao Tanga, ikapanda polepole kupitia Korogwe, Mombo na Same, ikafika Moshi mwaka 1911, kilomita 352. Vita imeanza Agosti 1914, Wajerumani wakavuka haraka wakaishika Taveta, na mkuu wao wa jeshi, von Lettow-Vorbeck, akakusanya nguvu kubwa huku Kilimanjaro. Sasa angalia kilichotokea Novemba ile. Waingereza wanashusha askari kama 8,000 kutoka India pale Tanga wakidhani mji uko wazi, na kweli mwanzoni ulikuwa karibu na wazi. Jamaa akapakia kampuni zake kwenye treni hapa Moshi akazishusha Tanga, akapigana akiwa na watu kama elfu moja hivi na akashinda. Watu wanasimulia nyuki, eti nyuki waliwakimbiza Waingereza, na kweli nyuki walikuwepo, lakini mimi nasema aliyeshinda Tanga ni treni ya Moshi. Waingereza waliondoka wakaacha mamia ya bunduki na risasi zaidi ya laki tano, yaani adui kakuletea stoo hadi mlangoni.

Baada ya hapo Waingereza wakaelewa somo. Mwaka 1915 wakaanza kujenga reli yao kutoka Voi kuja Taveta, kwenye nyika ambayo maji hakuna, maji wakayavuta kwa bomba kutoka milima ya Bura. Wajerumani wakawa wanatuma vikundi vidogo usiku kulipua reli ya Mombasa na Nairobi kwa baruti, wanatembea siku kadhaa nyikani na wapagazi wao wamebeba maji kwenye viriba. Wengine walipotea huko.

Februari 1916 Waingereza wakapigwa kwenye kilima cha Salaita. Machi wakaja tena chini ya Jenerali Smuts wa Afrika Kusini, wakapigania vile vilima viwili vya Latema na Reata ambavyo ukiwa Taveta unaviona vizuri kabisa, wakapita, wakaingia Moshi katikati ya Machi, wakapigana tena Kahe. Halafu masika ikaanza. Jeshi zima likakwama huku kwenye matope likisubiri chakula, na reli ya Voi ikasukumwa haraka hadi ikaungana na ya Tanga pale Kahe. Ukipita Kahe leo unaona kituo kimetulia kama kijiwe cha wazee, lakini mwaka 1916 hapo ndo ilikuwa koo ya vita nzima.

Mpagazi mmoja alibeba kilo ngapi?

Mzigo wa kawaida ulikuwa pauni 50, kama kilo 23, juu ya ngata kichwani, na hapo bado hujaweka blanketi lake, sufuria na posho yake. Mimi mlimani sheria ni kilo 20 za mzigo wa mgeni, inapimwa getini, na bado jioni shingo inakuwa kama ya mtu mwingine. Na mimi nilikuwa na buti, siku chache tu juu halafu nashuka nakula kitimoto Moshi mjini. Wao ni miezi, wengine miaka, wengi peku.

Lakini uzito sio jambo kubwa, jambo kubwa ni tumbo. Fanya hesabu hii, huwa nawafanyia wageni wangu na vijiti chini. Mpagazi amebeba kilo 23 za unga kupeleka kwa askari. Naye anakula, tuseme kilo moja kwa siku. Kambi iko mwendo wa siku kumi. Akienda kala kumi, akirudi kala kumi, jumla ishirini. Askari amepata kilo tatu! Kambi ikiwa mwendo wa siku kumi na mbili, mpagazi amemaliza mzigo wote na ana deni. Kwa hiyo unaweka wapagazi wa kuwalishia wapagazi, na hao nao wanakula, na ndo maana kila Waingereza walivyozidi kwenda kusini mbali na reli, walihitaji watu zaidi na zaidi na zaidi, mpaka idadi ikawa ya kutisha. Ukijumlisha vita nzima upande wa Waingereza pamoja na washirika wao, wanahistoria wanakadiria watu kama milioni moja walipita kwenye kazi hiyo, kwa vipindi tofauti.

Milioni moja. Sijakosea sifuri.

Walijiunga wenyewe?

Mwanzoni wapo waliokwenda kwa hiari, upagazi ulikuwa kazi ya zamani huku kwetu, Wanyamwezi walikuwa na sifa zao tangu enzi za misafara ya pembe. Lakini hiari iliisha mapema. Kenya ilipitishwa sheria mwaka 1915 ya kuwalazimisha watu, na mshahara ukashushwa ukawa kama rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 ndo ilikuwa balaa, maofisa wa wilaya na machifu waliambiwa walete idadi, na chifu akishaambiwa idadi unajua nani anaanza kupelekwa, mtoto wa mjane, mgeni wa kijiji, aliyegombana na chifu. Na huku kwetu, upande ulioshika eneo ndio uliochukua watu, leo Mjerumani, kesho Mwingereza. Kuna wazee waliobebea pande zote mbili ndani ya vita moja na hawakuulizwa vita inahusu nini.

Nyanyua kichwa uangalie, kule Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) nao walikuwa na wao wakiitwa tenga tenga. Wengine waliletwa toka Nigeria, Gold Coast (Ghana ya leo), Sierra Leone, na mamia toka Shelisheli walioshushwa Kilwa mwisho wa 1916, wakafa wengi sana ndani ya miezi michache tu.

Na Wajerumani walikuwa wanabebaje?

Hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi kwa sababu walikuwa wamezibiwa baharini. Meli mbili tu ziliwapenya, moja Aprili 1915 kwenye ghuba ya Manza karibu na Tanga, ilipigwa mizinga na ikazama sehemu, risasi zikaopolewa na kuanikwa juani kama dagaa. Nyingine, Marie, ilitia nanga Sudi kule Lindi mwaka 1916 na mzigo wake wote ukaondoka pwani juu ya vichwa vya watu. Mizinga ya manowari Königsberg, iliyoharibiwa Rufiji mwaka 1915, iling'olewa ikatembezwa nchi nzima, mzinga mmoja unavutwa na mamia ya watu kwa kamba. Dawa ya malaria waliitengeneza wenyewe Amani, milima ya Usambara, kwa magome ya miti, chungu hatari, askari wakaipa jina la pombe ya von Lettow.

Kitu ambacho watu wanaomsifia yule jenerali hawakisemi ni kwamba jeshi lake lilikula popote lilipopita, na Waingereza nyuma yao wakala kilichobaki. Ugogo njaa iliyofuata iliitwa Mtunya, wazee wa Dodoma wanaijua hadi leo. Majeshi mawili yalipita pale yakachukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kulima, halafu mvua nayo ikagoma.

Ni kweli kuna puto lilitumwa toka Ulaya kuleta vifaa?

Kweli kabisa, sio stori ya kijiweni. Novemba 1917 Wajerumani walirusha puto kubwa la injini, L59, kutoka Bulgaria likiwa na risasi na dawa kwa ajili ya von Lettow. Lilifika juu ya Sudan likaitwa lirudi. Safari ya siku karibu nne angani bila kutua na mzigo ukarudi ulikotoka, wakati huo huo mtu wa Singida yuko na kilo 23 kichwani anavuka mbuga.

Walikufa wangapi, na walikufa na nini? Risasi?

Risasi ilikuwa sababu ndogo. Hesabu rasmi ya Waingereza kwa wapagazi wao ni zaidi ya 95,000, na wanahistoria wengi wanasema imezidi laki moja kwa sababu wengine walifia njiani wakirudi kwao au hawakuandikwa kabisa. Hapo hujahesabu wapagazi wa Wajerumani, ambao hata hesabu ya uhakika haipo.

Waliuawa na tumbo la kuhara damu, nimonia na malaria. Na ukitafuta mzizi unarudi kwenye chakula. Watu waliozoea ndizi, kama Waganda, na huku kwetu Mchaga nae ungemwambia nini, wanapewa mahindi. Mahindi yenyewe mara nyingi mabichi au ya kuparazwa vibaya. Mtu amefika kambini saa mbili usiku, mvua inanyesha, kuni zimelowa, anachemsha nusu saa anameza, na asubuhi saa kumi na moja nyapara anapiga kelele. Ukila hivyo wiki mbili utumbo unachubuka, kuhara kunaanza, na mtu anayehara hawezi kubeba, akishindwa kubeba anaachwa nyuma. Watu wa milimani walioshushwa kwenye joto la pwani hawakuwa na kinga ya malaria. Wa pwani wakapandishwa kwenye baridi na blanketi moja.

Kilichoniudhi nilipokuwa nasoma haya mara ya kwanza ni kwamba dawa yake ilijulikana. Mwaka 1917 walipoanza kuweka wapishi kwenye kambi, unga uliosagwa vizuri na hospitali za wapagazi, vifo vilipungua sehemu zile zilizofikiwa. Kwa hiyo haikuwa siri ya kitaalamu, sufuria na mpishi tu. Kuna ofisa mmoja wa Ofisi ya Makoloni kule London aliandika kwa kejeli kwamba vita hii haikuwa kashfa kwa sababu walioumia zaidi ni wapagazi, na nani anawajali wapagazi. Mwishoni ikaja homa ya 1918, ile iliyozunguka dunia nzima, ikawakuta watu waliochoka hivyo.

Pale makaburi ya vita Moshi, wapagazi wako sehemu gani?

Utazunguka utatafuta. Mawe yamepangwa vizuri, nyasi zimekatwa, majina ya Wazungu, Wahindi na wengineo yapo. Mpagazi aliyekufa njiani alizikwa alipoanguka, au hakuzikwa, na waliokuwa na kumbukumbu ya makaburi yao baada ya vita iliamuliwa yasitunzwe mmoja mmoja. Tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti mwaka 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika wa Afrika Mashariki na Wamisri, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi.

Mgeni mmoja aliniuliza pale kaburini, kwa hiyo mimi nije na maua niyaweke wapi? Nikamwambia weka barabarani.

Kwa hiyo Kariakoo ya Dar ndo hiyo hiyo?

Ndo hiyo. Waingereza walivyoingia Dar es Salaam mwaka 1916 kambi ya wapagazi iliwekwa eneo lile, kwenye jengo ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga, baadae likawa soko, jina likabaki. Jengo la soko mnalolijua la miaka ya 1970 alilibuni Beda Amuli, ndo lililoungua Julai 2021. Nairobi nao wana Kariokor yao, asili moja. Wauza viatu wote wanaosema naenda Kariakoo kufunga mzigo, hawajui wanasema kitu cha kweli kiasi gani.

Na sanamu ya Askari pale Posta, ya mwaka 1927, ni askari mmoja na bunduki yake. Nairobi wana sanamu ya watu watatu na mmoja wao ni mpagazi, na maandishi ya kule yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kwa hili Wakenya wametuzidi, tukubali.

Babu yake babu alikuwa Kariakoo, familia inaweza kudai hela yake?

Naulizwa sana, na jibu langu watu hawalipendi. Kila mpagazi alipewa kibati chenye namba, na waliokufa wengi mishahara yao ilibaki haijachukuliwa kwa sababu ndugu hawakupatikana. Watkins mwenyewe alipigana baada ya vita hela ile iwarudie watu wa huku hata kwa njia ya huduma, serikali ya Uingereza ikakataa. Kama kuna mtu anakwambia toa elfu hamsini akushughulikie fidia ya Kariakoo, kimbia.

Ila kama nyumbani kuna kibati, hata kama kimeota kutu, msikitupe na msimuuzie mnunua vyuma chakavu. Piga picha pande zote mbili, andika nani alikuwa nacho na mzee alikuwa anasimulia nini. Kwetu sisi tulikuwa nacho, bibi alikuwa anafungia nacho mlango wa banda la mbuzi, kikapotea tulipobomoa banda. Hadi leo nikikumbuka najisikia vibaya.

Arusha je, mbona unaipendelea Moshi?

Haya watu wa Arusha, yenu hii. Wakati ule Arusha haikuwa na reli, reli iliwafikia baada ya vita kabisa. Aprili 1916 van Deventer wa Afrika Kusini aliondoka Arusha na wapanda farasi kwenda Kondoa Irangi, akapita Lolkisale, akafika Kondoa baada ya kama wiki mbili hivi. Kwenye ramani ulikuwa ushindi mtamu. Lakini farasi walikufa njia nzima, masika ikafunga barabara nyuma yake, na jeshi likakaa Kondoa likila nusu posho huku chakula kikitembea kwa miguu toka kwenu huko. Ndo shida ya kwenda mbele kuliko tumbo lako.

Siku hizi jeshi bado lina kazi kama hiyo?

Jeshi lolote lina watu wa ugavi, usafirishaji, mafundi na matibabu, bila hao hamna jeshi. Mfano wetu wa karibu ni vita ya Kagera, 1978 na 1979. Waganda walilipua daraja la Kyaka, jeshi letu likabidi liweke daraja la muda kuvuka, na malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kusaidia kupeleka watu na vitu, kwa sababu Dar hadi Kagera sio pua na mdomo. Mengine ya kambi za leo siulizwi mimi, na wewe usiwaulize wanajeshi pale Monduli, utapewa kazi ya kuchota maji.

Nikitaka kuona kwa macho yangu nianzie wapi?

Anzia stesheni ya Moshi, treni ya abiria ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya ukimya, Arusha ikafuata 2020, na reli ni njia ile ile. Kisha makaburi. Kisha panda Hiace ya Himo hadi Holili, vuka mpaka na hati yako ya kusafiria, Taveta kuna makaburi mengine, na ukiuliza bodaboda Salaita atakupeleka. Latema kupanda ni saa moja na nusu kwa mtu mzima kiafya, jua ni kali na kivuli hamna, beba maji lita tatu. Nasema beba, maana mimi sikubebei tena, magoti.